Coaster ya Staa Ina Choo, Sawa. Sasa Nani Anaosha Tenki?

Klipu ya kwanza kila mtu aliiona. Staa mmoja wa kike, jina kubwa kuanzia Shinyanga mpaka Geita na kwingineko, anafungua mlango wa Coaster yake iliyofanyiwa matengenezo. Ndani taa za zambarau, sofa za ngozi, friji, kioo cha kujipodolea chenye balbu kama za saluni. Halafu kamera inasogea nyuma, mlango mdogo unafunguliwa na choo hicho hapo, cheupe, kinang'aa. Maneno yaliyoandikwa chini ya klipu: "Kuchimba dawa tumewaachia nyie."

Laiki zikamiminika, na kusema kweli raha yake inaeleweka. Yeyote aliyewahi kusafiri na basi kutoka Dar mpaka Kahama anajua kuchimba dawa ni nini. Gari linasimama porini, wanaume huku, wanawake kule, kila mtu anatafuta kichaka chake, na konda anapiga kelele "dakika tano, dakika tano!" Kwa mwanamke aliyevaa gauni la shoo, tena anayejulikana, hiyo ni adha kubwa. Kuamua kuwa na choo chake garini ni akili, wala hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Tatizo likaja na klipu ya pili, kama wiki tatu baadaye. Katoro, alfajiri, nyuma ya gesti moja. Kijana wa gari, yule utingo anayebeba spika na mabegi, amelala chali chini ya Coaster. Kitambaa amefunga puani, mikono mitupu, ndoo pembeni. Anachokonoa bomba kwa kijiti. Mara linazibuka, na kila mtu aliyeangalia anajua kilichofuata. Kilichomwagika kikaelekea mtaroni, na mtaro unapita mbele ya nyumba za watu.

Mtandao ukacheka siku tatu mfululizo. Kijana akapewa majina, akatengenezewa stika za WhatsApp, sauti yake ikawekewa biti. Mashabiki wa staa wakasema ni wivu tu. Wapinzani wake wakasema ni aibu yake. Karibu hakuna aliyeuliza swali lenye maana: kwa nini binadamu anachokonoa kinyesi cha watu wanane kwa kijiti, wakati kuna kifaa cha kufanya kazi hiyo?

Aliyechekwa siye. Kijana yule alikuwa anamalizia kazi ambayo watu wengine hawakuimaliza: aliyenunua choo bila kuuliza kinaoshwaje, na fundi aliyekifunga bila kumwambia.

Tenki sio shimo

Kwenye nyumba, choo kina shimo au karo. Vinavyoingia vinashuka, maji yanapotelea ardhini, na mwenye nyumba anaweza kukaa miaka bila kukumbuka kuna nini kule chini. Kwenye gari hakuna ardhi. Kuna tenki la plastiki au la bati chini ya sakafu, lenye bomba la kutolea na valvu ya kufungua na kufunga. Kila kilichoingia kinakaa humo mpaka mtu akitoe.

Piga hesabu kidogo. Msafara una staa, meneja, madansa wanne, dereva na utingo. Hao ni wanane. Kila mmoja akiingia mara tano kwa siku, na kila safari ikitumia lita 2 za kuflashi na kutawaza, hiyo ni lita 80 kwa siku. Tenki la lita 120 limejaa kwa siku moja na nusu. Na lita 120 ni kilo 120, yaani kama abiria wawili wa ziada waliojificha chini ya gari. Sasa toka Shinyanga, pita Tinde, Isaka, Kahama, kisha ingia barabara za machimboni zenye vumbi na makorongo. Kila mtikisiko unalegeza nati, na kila saa ya jua kali inapika kilichomo.

Kwa nini tenki linaziba? Jibu analo mtu yeyote aliyewahi kusimama kwenye mwalo wa dhahabu. Mwalo unafanyaje kazi? Unamwaga mchanga uliosagwa na karasha, unapitisha maji, maji yanaondoka na vyepesi, kizito kinabaki kwenye kapeti. Dhahabu inabaki kwa sababu ni nzito.

Basi ukiliacha tenki la choo valvu wazi, umetengeneza mwalo. Maji yanachuruzika yanaondoka, vizito vinabaki, vinajipanga, vinakauka, vinakuwa kichuguu chini ya tundu la choo. Sema tu kwamba hapa unachovuna sio dhahabu. Ndicho kilichotokea Katoro kwa mujibu wa watu wa karibu na msafara: kila wakifika gesti, valvu inafunguliwa na kuachwa hivyo usiku kucha, wakidhani wanapunguza mzigo. Walikuwa wanatengeneza zege.

Kanuni ya kwanza basi haihitaji hela hata senti. Valvu ikae imefungwa muda wote. Ifunguliwe tenki likiwa limefika theluthi mbili au zaidi, ili maji mengi yatoke kwa kishindo na kuburuza kila kitu. Ukimaliza kumwaga, rudisha lita 15 au 20 za maji safi ndani kabla hamjaondoka, ili kinachofuata kisikutane na sakafu kavu.

Halafu hapa kuna jambo la kufurahisha. Wazungu wanaoishi kwenye magari yao wana vita kubwa na karatasi za chooni, zinaganda kwenye kuta za tenki na kuharibu vipimo vinavyoonyesha limejaa au bado. Watu wengi wa huku wanatawaza kwa maji. Tenki linajaa haraka zaidi, ndiyo, lakini linaganda kidogo. Kwa hiyo kopo lile ambalo wengine wanaliona la kishamba linasaidia mfumo mzima. Pedi, taulo za watoto na zile tishu zenye unyevu za kufutia mekapu zisiingie humo kabisa. Mahali pake ni kwenye pipa lenye mfuniko.

Vifaa vipo vya aina tatu

Hata ukifanya yote hayo, kuta za tenki zinahitaji kuoshwa. Ndipo unapokuja mfumo wa kusuuza, kitu ambacho kwenye Coaster ya staa hakikuwepo kabisa.

Cha kwanza ni fimbo. Ni bomba jembamba lenye kichwa cha kurusha maji, unaliunga na mpira, unalishusha kupitia tundu la choo na kuzungusha. Bei yake ndogo, hakuna kutoboa chochote. Lakini lazima choo kiwe kimekaa juu kabisa ya tenki, bomba lisipinde. Na lazima mtu aingize mpira ndani ya gari, apite na fimbo inayochuruzika juu ya zulia jeupe la staa. Kwa msafara wa watu wanane, mara tatu kwa wiki, hiyo ni ndoa ya kuvunjika mapema.

Cha pili kinafungwa kwenye mdomo wa nje, pale tenki linapotolea. Kina tundu la kuungia mpira, maji yanaingia kinyumenyume na kupiga ndani ya tenki, kisha unafungua yote yatoke. Mara nyingi kinakuja na kipande cha bomba kinachoonyesha ndani kama kioo, hivyo unaona maji yanavyobadilika kutoka rangi ya mbege mpaka rangi ya maji. Hakuna kutoboa tenki. Ubaya wake ni kwamba kinasafisha vizuri karibu na mdomo, lakini pembe za mbali kinazigusa kidogo tu.

Cha tatu ni kichwa cha kurusha maji kinachofungwa moja kwa moja kwenye ukuta wa tenki. Kinazunguka chenyewe kwa nguvu ya maji, kinapiga pande zote. Mtu anasimama nje ya gari, anafungua koki na kusubiri. Hakuna anayeingia chini ya gari wala anayeshika kitu. Hiki ndicho kinachofaa kwa gari la shoo.

Ila kinahitaji fundi anayejua. Kikae sehemu ya juu ya ukuta wa tenki, sio chini ambako kitazama kwenye uchafu. Kitazame upande wenye nafasi, kisirushe maji kwenye kipimo wala kwenye bomba la choo. Kama tenki ni la plastiki ile ya simtank, fundi asidanganye watu na silikoni peke yake, maana silikoni haishiki vizuri kwenye plastiki hiyo. Inatakiwa washa ya mpira na nati inayobana ndani na nje. Kama ni la bati, uchomeleaji ufanyike tenki likiwa limeshushwa, limeoshwa na kuachwa wazi mpaka harufu iishe, kwa sababu gesi ya kinyesi inashika moto. Mafundi wa Kahama wanaotengeneza makarasha na pampu za duara wana mikono ya kufanya kazi hii. Wanachokosa ni mteja wa kuwauliza.

Na jambo moja lisisahaulike: ukisuuza huku valvu imefungwa, usiende kununua chipsi. Tenki likijaa maji hayana pa kwenda isipokuwa kupanda juu kupitia choo, au kupasua tenki lenyewe. Anayesuuza asimame hapohapo mpaka amalize.

Bomba la staa limeungana na la jirani

Hapa ndipo suala linapotoka kwenye uzuri wa gari la mtu na kuwa la kila mtu.

Kichwa cha kusuuza kinaungwa na mpira, mpira unaungwa na bomba la gesti, bomba la gesti limeungana na bomba la mtaa. Siku maji yapo, yanasukuma kwenda mbele na hakuna shida. Lakini kila mtu wa Kanda ya Ziwa anajua maji yanakatika. Yakikatika ghafla, bomba linavuta kurudi nyuma, kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Kama upande wa pili wa mrija kuna tenki la kinyesi, kitakachovutwa ni hichohicho. Kinaingia kwenye bomba la gesti, kutoka hapo kinaweza kufika kwa jirani. Maji yakirudi asubuhi, mama anakinga ndoo ya kupikia uji.

Sio hadithi ya kutishana. Maji ya bomba Shinyanga na Kahama yanatoka Ziwa Victoria, yanavutwa Ihelele kule Misungwi na kusafirishwa mwendo mrefu kupitia mradi uliozinduliwa 2009. Kabla ya hapo watu wa Shinyanga, mkoa mkavu, walikuwa wanagombea visima na malambo na mifugo. Maji yaliyofika kwa gharama ile hayastahili kuchezewa na mpira wa mtu mmoja. Na kipindupindu kinajulikana. Kile kilichoanzia Dar es Salaam Agosti 2015 kilisambaa mikoa mingi ya nchi, na mwanzoni mwa 2024 kikapiga hodi Mwanza, Simiyu na Shinyanga. Ugonjwa huo unasafiri kwa njia moja tu: kinyesi cha mtu kuingia mdomoni mwa mwingine, mara nyingi kupitia maji.

Kuna kifaa cha kuzuia maji kurudi. Ni kidogo, kinaingiza hewa kwenye bomba pale msukumo unapokufa, na mvuto unakatika. Kinatakiwa kifungwe juu, angalau sentimita 15 kupita ukingo wa choo, na baada yake kusiwe na koki nyingine. Mafundi wengi wanaweka valvu ya kawaida ya kuzuia maji kurudi nyuma wakadhani wamemaliza. Ile ikinaswa na punje moja ya mchanga inabaki wazi, na mchanga wa Geita kila mtu anaujua.

Ila kwa mazingira ya huku, kuna njia bora zaidi na rahisi zaidi: usiunge na bomba la mtaa kabisa. Weka garini tenki dogo la maji ya kusuuzia peke yake, mbali na maji ya kunywa. Lijazwe kutoka juu, kwa ndoo au mpira ulioning'inia bila kugusa maji. Hewa iliyopo katikati ya mpira na maji haivutiki, hivyo hakuna cha kurudi. Kisha weka pampu ndogo ya volti 12 inayotumia betri ya gari kusukuma maji kwenda kwenye kile kichwa.

Pampu hiyo inaua ndege wawili. Vifaa hivi vimetengenezwa kwa presha ya bomba la mjini, kama bar 2 mpaka 4. Gesti nyingi zinategemea simtank juu ya mnara. Mnara wa mita 3 unakupa presha ya kama bar 0.3 tu, na kichwa hakizunguki, kinalia machozi. Watu wanadhani wameuziwa feki, kumbe kifaa hakina nguvu ya kukisukuma. Na mpira wa kazi hiyo uwe na rangi yake na ukae kwenye mfuko wake, usije hata siku moja kujaza maji ya kunywa.

Vinaenda wapi?

Tenki limeoshwa, safi. Uchafu uko wapi sasa?

Marekani na Ulaya watu wa nyumba za magurudumu wana vituo vya kumwagia kwenye kambi na baadhi ya maeneo ya kupumzikia barabarani. Ukanda wa dhahabu haujazoea magari ya namna hiyo, kwa hiyo watu wanabuni. Na ubunifu wa usiku huwa mbaya: mtaroni, mtoni, au kwenye duara lililoachwa na wachimbaji. Duara la zamani linaonekana kama shimo la bure, lakini chini yake kuna maji, na maji hayo yanatokea kwenye kisima cha mtu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 haijaacha mlango wazi kwa mtu wa kumwaga majitaka anapotaka, tena inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto na ziwa. Staa anayepiga shoo Geita kisha kulala Chato yuko pua na mdomo na Ziwa Victoria, ambalo ndilo linarudi kwenye bomba la Kahama.

Njia halali ipo, inataka simu tu kabla ya safari. Shinyanga kuna SHUWASA, Kahama kuna KUWASA, Geita kuna GEUWASA. Meneja anayeweza kubishana na promota wiki nzima kuhusu rangi ya taa za steji anaweza kupiga simu moja kuuliza gari la kunyonya majitaka linapatikana vipi. Au azungumze na mwenye gesti kuhusu karo lake, waziwazi, kwa malipo, mchana. Na kama wanatumia dawa za kuua harufu, wasitumie zile kali zenye fomalini, maana zinaua wadudu wanaosaga uchafu ndani ya karo, halafu karo la watu linajaa kabla ya wakati.

Wanaosema "ni wivu"

Kuna hoja mbili zimerudiwa sana, na zote zina ukweli ndani yake.

Ya kwanza: pesa ni yake, gari ni lake, waacheni watoto wa watu wale bata. Sawa kabisa. Ale bata, na bata ana manyoya, ayaokote. Starehe ambayo taka zake zinaishia mtaro wa mama wa Katoro haijalipiwa yote. Sehemu ya bili amepelekewa mtu ambaye hata tiketi ya shoo hawezi kununua.

Ya pili ni nzito zaidi: machimboni kuna rashi zinazokusanya mamia ya watu ndani ya siku chache na hakuna choo hata kimoja, halafu watu mnajadili choo cha Coaster? Ni kweli inauma. Lakini ndiyo sababu hasa ya kulijadili. Mwaka 2017 Wizara ya Afya ilikuja na kampeni ya "Usichukulie Poa, Nyumba ni Choo", na ikamchukua msanii kuwa balozi. Waliotunga kampeni walijua jambo: kijana wa duarani hasomi waraka wa afisa afya, anaangalia simu. Staa akionyesha choo, choo kinakuwa kitu cha kutamani. Akionyesha kinavyooshwa, kuosha nako kunakuwa kitu cha kutamani. Akionyesha nusu ya kwanza tu, anafundisha watu kwamba kazi ya pili ni ya wasio na jina.

Na huyo asiye na jina ndiye mwenye kesi kubwa kuliko wote. Utingo hapati asilimia ya shoo. Hana bima anayoijua. Anakula kwa mikono ileile. Gambuti, glavu ndefu za mpira, miwani, sabuni na maji ya kunawa, hivyo vyote ni kitu gani kwa mtu mwenye friji ndani ya Coaster? Wigi moja la nywele za binadamu linanunua glavu, mpira, pampu na kichwa cha kusuuzia, na chenji inabaki.

Fundi wa Kahama

Habari za chini ya kapeti zinasema Coaster ilionekana Kahama wiki iliyopita, kwenye gereji ya mzee mmoja anayetengeneza pampu za machimbo. Staa mwenyewe alikuwepo, miwani mieusi, kofia imeshushwa.

Wanasema mzee alizunguka gari mara moja, akainama, akanyanyuka, akauliza: "Mwanangu, hili tenki huwa analiosha nani?"

Staa akamwonyesha kijana, aliyekuwa amesimama mbali kidogo.

"Basi wewe nenda kakae kivulini. Huyu ndiye nataka kuongea naye."

Wakaongea kama nusu saa, mzee na kijana. Kijana akaeleza valvu inakwama wapi, harufu inaanza siku ya ngapi, mpira unafika wapi, yeye mwenyewe anaenea wapi chini ya gari. Mwishoni mzee akamwita staa: "Mama, nimeshapata vipimo." Alichofunga ni kile kichwa cha ukutani, tenki la kusuuzia la pembeni na pampu ya betri. Koki ikawekwa ubavuni mwa gari, usawa wa kifua cha kijana, ili asiiname tena.

Swali la yule mzee ndilo ambalo kila anayetaka gari la namna hii angeanza nalo, kabla ya rangi ya sofa. Mtu anayeosha ndiye anayejua kifaa gani kinafaa na kikae wapi. Ukimuuliza mapema, unanunua kitu sahihi mara moja. Ukimuuliza baada ya klipu kusambaa, umenunua mara mbili na aibu juu.

Mpaka sasa staa hajaposti kitu kuhusu hilo. Labda anaona ni mambo ya kufichwa. Yangekuwa maamuzi mabaya, kwa sababu klipu anayotakiwa kuirusha ndiyo hiyo: mlango wa choo unafunguliwa, kisha kamera inatoka nje, inamkuta kijana amevaa glavu na gambuti, amesimama wima, anafungua koki, na maji yanatoka meupe. Na jina lake liandikwe pale chini, kama wanavyoandikwa madansa.

Watu wa Katoro walimcheka sana. Wamwone na akiwa amesimama.

Wewe unasemaje: lawama ni za staa, meneja au fundi wa kwanza? Dondosha komenti yako hapo chini, na kama kuna dereva au utingo anasoma, aseme kwenye gari lao nani anaosha.